Tathmini ya hema na taa ya kuoteshea bangi ndani ya nyumba: wiki nne za majani, wiki nane, kisha tano

Kifurushi ninachokitathmini hapa ni hema la kuoteshea mimea lenye upana wa futi 4 kwa futi 4 na kimo cha sentimita 200, taa moja bapa ya LED, feni ya kuvuta hewa pamoja na kichujio chake cha mkaa, mifuko minne ya kitambaa ya kupandia yenye ujazo wa lita 11, na taima ya kuchomeka ukutani. Nilikinunua miezi 14 iliyopita, nikakifunga kwenye besimenti ya nyumba yangu hapa Ontario, Kanada, na tangu wakati huo nimevuna mara tatu. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimeziona pia katika vifurushi vya majirani waliovinunua kwingine kwa bei ya namna hii, na ni afadhali msomaji azitafute katika kile atakachokinunua yeye mwenyewe.

Sheria itangulie. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria ya shirikisho inaruhusu mimea minne kwa kila makazi, bila kujali idadi ya watu wanaoishi humo, hivyo mume na mke wa nyumba moja hawapati minane. Ontario inataka mtu awe ametimiza miaka 19 na mbegu zake ziwe zimetoka kwa muuzaji aliyeruhusiwa. Jimbo la Quebec limekataza kabisa kuotesha nyumbani, na Mahakama ya Juu ya Kanada ililikubali katazo hilo mwaka 2023. Aliyepanga nyumba asome mkataba wake wa upangaji kabla ya kununua hata msumari, na mwenye watoto aweke kufuli kwenye mlango wa chumba. Huko nyumbani Kenya na Tanzania, kuotesha mmea huu ni kosa la jinai. Ndugu msomaji uliyeko huko, yasome haya kama habari za mimea, mwanga na umeme, usiyachukue kuwa mwongozo wa kufuata.

Ukomo huo wa mimea minne ndio unaolifanya suala la muda wa majani, yaani wiki ambazo mmea hutoa majani na matawi tu kabla ya kuchanua, kuwa zito kwa mtu wa nyumbani. Mkulima mwenye leseni anaweza kujaza chumba kwa vipandikizi vidogo vingi, akaviacha muda mfupi tu vitoe majani, akaviingiza kwenye maua, na eneo lote likajaa kwa wingi wa mashina. Sisi wa mimea minne hatuna njia hiyo. Tukitaka kulijaza hema, hatuna budi kuukuza kila mmea uwe mpana, na kuukuza kunadai muda. Hapo ndipo wengi, nikiwemo mimi, tunapofikia hitimisho la haraka kwamba kadiri wiki za majani zinavyoongezeka ndivyo mavuno yanavyoongezeka. Kifurushi hiki kilinisahihisha, na kasoro zake zilinifundisha kuliko sifa zake.

Kwa asiyeujua mmea huu, maelezo mafupi yatasaidia. Bangi ya kawaida huchanua inaposikia kwamba usiku umekuwa mrefu. Ndani ya majani yake mna protini iitwayo fitokromu, ambayo hubadilika umbo kwa mwanga mwekundu na kurudi taratibu gizani, na kwa njia hiyo mmea hupima urefu wa giza lisilokatizwa. Ukiuwashia taa saa 18 na kuuzimia saa 6 kila siku, utaendelea kutoa majani na matawi wiki baada ya wiki bila kuchanua. Ukizigeuza saa za taa ziwe 12 kwa 12, baada ya wiki moja au mbili utaanza kuonyesha maua. Wakulima wa krisanthemu hutumia siri hiyo hiyo: yale mabanda ya maua yanayowaka taa katikati ya usiku yanazuia miche isichanue kabla haijapata urefu unaotakiwa sokoni. Kwetu karibu na ikweta mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, ndiyo maana uamuzi wa kuuweka mmea kwenye majani kwa wiki nyingi unawezekana kwa taa tu. Ziko pia aina zinazochanua zenyewe kwa umri, bila kungoja giza. Kwa hizo mjadala huu wote hauna kazi, kwa kuwa mwenye hema hachagui siku ya kugeuza.

Sasa nije kwenye taa, ambayo ndiyo moyo wa kifurushi. Sanduku lake limeandikwa 1000 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni, na mnunuzi yeyote ataelewa kuwa ni wati 1000. Niliichomeka kupitia mita ndogo ya umeme, nikaipa dakika 20 ipate moto, nikasoma wati 236. Hiyo 1000 ni makadirio ya taa za zamani ambazo eti LED hii inaweza kuchukua nafasi yake, na hata kwa makadirio hayo siikubali. Kwa taa ya bei hii, wati 236 si aibu. Vipande vyake vya LED ni vizuri, haipigi kelele, na haijafifia kwa jicho langu baada ya mwaka. Tatizo ni kwamba imeuzwa pamoja na hema la futi 4 kwa 4 kana kwamba inalitosha. Niliazima kipima mwanga kwa siku moja, taa ikiwa sentimita 45 juu ya usawa wa kupimia. Katikati nilipata maikromoli (kipimo cha wingi wa mwanga unaoufikia mmea) 780 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, ambao ni mwanga mzuri wa maua. Nilipofika ukingo wa mraba wa sentimita 90, ilikuwa 430. Kwenye kona za hema nilisoma 160.

Wasomaji wazishike tarakimu hizo tatu, maana kila kilichotokea baadaye kinatokana nazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, kilichoko katika jimbo hili hili, walichapisha mwaka 2021 utafiti ambao ndani yake waliiotesha bangi chini ya viwango vya mwanga kuanzia maikromoli 120 hadi 1800 wakati wa maua, na mavuno yakapanda kwa mstari ulionyooka kadiri mwanga ulivyopanda, huku kiwango cha kemikali za bangi ndani ya maua kikibaki karibu vilevile. Maana yake kwa mwenye hema ni kwamba maua hulipwa na mwanga unaoyaangukia. Wiki za majani zinajenga meza. Chakula kinachowekwa juu ya meza ni mwanga, na taa haiongezi hata punje kwa kuwa meza imepanuliwa.

Safari ya kwanza niliihesabu hivi: wiki mbili za mche tangu mbegu ilipopasua udongo, wiki nne za majani, wiki tisa za maua, jumla wiki 15. Nasema nilivyohesabu kwa sababu watu hutofautiana sana hapa. Anayeanzia kwenye mbegu na kuzihesabu wiki tangu siku ya kwanza, na anayeanzia kwenye kipandikizi chenye mizizi, wote watakuambia "wiki nne", nao hawazungumzii mmea mmoja. Kila mmea niliukata ncha mara moja baada ya pingili ya tano ili utoe vilele viwili badala ya kimoja, kisha nikaacha uendelee. Siku ya kugeuza taa mimea ilikuwa na wastani wa sentimita 38, na ilipomaliza kurefuka ilikuwa 70 hivi. Hema lilionekana lina nafasi tupu kila upande. Ukifungua zipu unaona sakafu katikati ya mifuko, na mwanga mwingi ukianguka pale bure. Baada ya kukausha kwa siku 10 nilipima gramu 168.

Pengo lile la sakafu lilinikera. Nilijiambia kwamba safari ijayo nitaongeza muda wa majani mara mbili, na nikafanya hivyo: wiki nane.

Wiki ya sita ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona ndani ya hema lile. Nilikuwa nimeyainamisha matawi na kuyafunga kwa uzi kwenye kingo za mifuko, na majani yalitandaza zulia moja la kijani kibichi kutoka ukuta hadi ukuta, kila jani limeinua ncha zake kuielekea taa. Laiti ningegeuza saa za taa siku ile. Kufikia wiki ya nane mifuko ya lita 11 ilikuwa imejaa mizizi; maji niliyokuwa nikimwagilia kila baada ya siku tatu sasa yalihitajika kila siku, na mmea mmoja uliinamisha majani yake jioni nilipochelewa kutoka kazini. Majani ya chini yalianza kugeuka njano kwa kukosa mwanga chini ya zulia lile. Mimea ilikuwa na sentimita 75, nami nilikuwa nimesahau hesabu ambayo mtoto wa shule angeifanya.

Hesabu yenyewe ni hii. Hema lina sentimita 200. Taa na kamba zake huchukua 20. Kati ya taa na vilele panatakiwa kubaki 45. Mfuko na sahani yake ni 30. Kinachobaki kwa ajili ya mmea ni sentimita 105. Bangi hurefuka sana wiki mbili hadi tatu za mwanzo baada ya kugeuzwa, na mara nyingi hufika maradufu ya kimo chake. Kwa hiyo mmea unaogeuzwa katika hema hili haufai kuzidi sentimita 50 au zaidi kidogo. Kijitabu cha maelekezo kilichomo kwenye sanduku kina kurasa 22 za jinsi ya kuunganisha vyuma vya hema na hakina mstari hata mmoja unaosema jambo hili, na hilo nalihesabu kuwa upungufu mkubwa zaidi wa bidhaa hii, kwa kuwa lingemwokoa mnunuzi mgeni kwa gharama ya sentensi mbili.

Mimea yangu ilifika kwenye taa. Vilele vitano vilipauka hadi vikawa vyeupe kama vimemwagiwa jiki. Nilivikunja na kuvifunga, vikainuka tena, nikavifunga tena. Pembeni mambo yalikuwa ya namna nyingine: matawi niliyoyavuta kwa uangalifu wote hadi kwenye kona, na ambayo yalikula wiki nzima ya ziada ili kufika huko, yalitoa vishada vyembamba vilivyolegea, unavishika kwa vidole na vinabonyea kama sufi. Pale ndipo kwenye maikromoli 160. Jumla ya mavuno makavu ilikuwa gramu 214, na nilipoyatenganisha, gramu 61 kati ya hizo zilikuwa za vishada hivyo vya pembeni na vya chini, ambavyo sikuona vinafaa kwa zaidi ya kupikia mafuta.

Mtu ataniambia kwamba 214 ni nyingi kuliko 168, na ni kweli. Ongezeko ni zaidi ya robo. Lakini safari ya pili ilichukua wiki 19. Ukigawa, ya kwanza ilinipa gramu 11.2 kwa kila wiki ambayo hema lilikuwa na kazi, na ya pili gramu 11.3. Wiki nne za ziada, kwa taa inayowaka saa 18 kwa siku, zilikula takriban yuniti 119 za umeme, ukilinganisha na yuniti 178 zilizotumika katika wiki zote tisa za maua. Nililipia umeme huo, nikabeba ndoo za maji kila jioni kwa mwezi mzima, nikapata majani, mashina manene kama kidole gumba, na sufi.

Nataka kuwa mwangalifu hapa. Sidai kwamba wiki nne zinamtosha kila mtu. Mwenye taa ya wati 480 inayozifikia kona zote kwa nguvu angepata faida ya kweli kutokana na wiki saba au nane, mradi awe na mifuko mikubwa na ailaze mimea yake iwe mipana kuliko mirefu. Aina za mimea nazo hazifanani. Ziko zinazorefuka kidogo tu baada ya kugeuzwa na ziko zinazopanda mara tatu. Ninachodai ni kwamba muda wa majani hauna thamani yake pekee. Thamani yake inakoma pale zulia la majani linapolijaza eneo ambalo taa inalimulika ipasavyo, na katika kifurushi hiki eneo hilo ni dogo kuliko hema lenyewe.

Kuhusu taima, nina malalamiko ya moja kwa moja. Ni ile ya duara yenye vijipini vya kubonyeza, na ni sehemu ya bei ndogo kuliko zote ndani ya sanduku, ilhali mpaka wote kati ya majani na maua uko mikononi mwake. Nilipanga taa iwake saa 5 usiku na kuzima saa 5 asubuhi, kwa kuwa hapa Ontario upo mpango wa malipo ambao umeme wake ni nafuu sana kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Katika wiki ya nne ya maua, safari ile ya pili, nilirudi nyumbani kutoka kazini saa 11 jioni, nikashuka besimenti kuchukua kitu kingine kabisa, nikaona mstari mwembamba wa mwanga mweupe ukishuka pembeni mwa zipu. Kijipini kimoja kilikuwa kimekwama, na taa ilikuwa haijazimika tangu usiku uliotangulia. Giza la siku ile lilipotea nusu. Wiki mbili baadaye nilikuta kwenye matawi ya chini vijiua vya kiume vya njano vyenye umbo la ndizi ndogo, ambavyo mmea jike huvitoa unaposumbuliwa, navyo vikiachwa humwaga chavua na kuyajaza mavuno yote mbegu. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kibanio nikiwa nimepiga magoti, jioni tatu mfululizo. Duka lilinipa taima nyingine ya aina ile ile bila ubishi, na kwa hilo nawashukuru, lakini niliiweka kabatini na kununua ya kidijitali yenye betri ya akiba.

Mstari ule wa mwanga ulinifunua jambo jingine. Kama mwanga unatoka, basi unaingia pia. Siku iliyofuata niliingia ndani ya hema taa ikiwa imezimwa, nikamwomba mwanangu mkubwa awashe balbu ya besimenti na kufunga zipu kutoka nje, nikakaa kimya dakika 10 hadi macho yakazoea. Nukta za mwanga zilijitokeza moja moja kwenye mshono wa kona ya kushoto, kama nyota, nikahesabu 14, na chini ya mlango palikuwa na ufa wa urefu wa kiganja. Gundi ya utepe mweusi ilizimaliza zote. Yeyote anayenunua hema, la kampuni yoyote, alifanyie jaribio hili kabla ya kugeuza saa za taa, maana tatizo hili halionekani kipindi cha majani, na linapoonekana kipindi cha maua huwa limeshafanya kazi yake.

Sehemu zilizobaki zinastahili sifa. Feni ni tulivu, na kichujio cha mkaa kimezuia harufu kwa safari mbili kamili kabla sijahisi chochote ghorofani. Vyuma vya hema ni imara. Mifuko ya kitambaa inapumua vizuri, ingawa lita 11 ni kidogo kwa anayepanga zaidi ya wiki tano za majani. Zipu imeanza kushika karibu na kona ya juu.

Safari ya tatu nilianza kwa kubandika utepe mweupe kwenye sakafu ya hema, mraba wa sentimita 90 kwa 90, katikati kabisa chini ya taa. Mifuko yote minne niliibananisha ndani ya mraba huo. Nilikata ncha mara mbili, nikayalaza matawi yajaze mraba bila kuuvuka, na lililotaka kuuvuka nililikata. Sikuitazama kalenda, nilitazama rula na utepe. Zulia lilikamilika na vilele vikafika sentimita 48 mwishoni mwa wiki ya tano, nami nikageuza saa za taa usiku ule ule. Mimea ilisimama kwenye sentimita 98, taa ikiwa imevutwa hadi karibu na paa. Nilipopima mavuno makavu niliipiga mizani mara mbili kwa kutoiamini: gramu 221, ndani ya wiki 16, na vishada vya sufi havikufika gramu 20. Kifurushi kwa bei yake nitakipendekeza kwa mtu atakayekichukulia kuwa ni cha futi 3 kwa 3, awe na pesa ya pembeni kwa ajili ya taima. Kona za hema, ambazo zamani nilizihangaikia kwa mwezi mzima wa umeme, sasa ndipo ninapoweka ndoo ya maji na kipima unyevu.